Chepkoilel na Mashamba ya Nzoia: Historia ya Utafiti wa Chuo Kikuu cha Eldoret

Msimu wa mavuno ukifika, barabara ya Eldoret kwenda Kitale hujaa trekta na malori yaliyosheheni mahindi, na mengi huishia Moi's Bridge, penye maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Mji huu uko kando ya mto Nzoia, pale Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega zinapopakana. Wazee wanaukumbuka kwa jina la Hoey's Bridge, jina la mlowezi aliyejenga daraja la kuvukia kwenda Trans Nzoia. Reli iliyopita hapa ilifika Kitale mwaka 1926, na tangu wakati huo kazi ya watu wa pande hizi haijabadilika sana: kulima, kuvuna na kupakia nafaka ya kulisha taifa.

Gunia linapopimwa kwenye mizani ya bodi, mkulima huhesabu jasho lake, mbolea aliyonunua na mvua aliyojaliwa. Ni wachache wanaohesabu miaka ya utafiti iliyomo ndani ya gunia hilo. Makala haya yanaihesabu. Yanasimulia historia ya taasisi moja ya umma ambayo jina lake rasmi ni Chuo Kikuu cha Eldoret, lakini wenyeji wengi bado wanaiita Chepkoilel.

Shule ya wachache

Chepkoilel ilianza mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwagawia wanajeshi wastaafu wa Kizungu mashamba katika nyanda za juu, na wengi wao hawakujua kulima. Kikajengwa kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa, kilomita chache kutoka mji wa Eldoret. Waafrika waliolima mashamba hayo, waliokama ng'ombe na kuvuna ngano, hawakuwa na nafasi darasani. Walikuwa vibarua na maskwota. Ujuzi wa kilimo ulitolewa kwa fedha za serikali, ila uliwafikia wachache waliokuwa na hatimiliki.

Uhuru ulibadilisha mwenye shamba. Kuanzia miaka ya 1960, mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa katika mipango ya makazi, na mengine yakanunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni ambazo wananchi walichanga fedha zao. Watu walitoka Bungoma, Kakamega, Nandi na kwingineko wakaja kuishi huku. Shamba la mamia ya ekari likawa vipande vya ekari kumi, kisha tano, kisha mbili, kadiri wazazi walivyowagawia watoto wao. Mkulima wa Nzoia akawa mtu mwenye jembe, ardhi finyu, na familia inayotegemea msimu mmoja kwa mwaka.

Mwaka 1984 kituo cha Chepkoilel kiligeuzwa kuwa chuo cha kutoa walimu wa sayansi wa kiwango cha diploma. Mwaka huohuo kilianzishwa Chuo Kikuu cha Moi, kufuatia pendekezo la tume iliyoongozwa na Mackay mwaka 1981. Tume hiyo ilikuwa imetaka chuo kikuu cha pili chenye kuelekea sayansi, teknolojia na maendeleo ya vijijini. Mambo hayo mawili yakakutana mwaka 1990. Wanafunzi wa mwisho wa kidato cha sita na wale wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walihitaji nafasi kwa wakati mmoja, na vyuo vikuu vya nchi vikafurika. Chuo Kikuu cha Moi kikachukua Chepkoilel kiwe kampasi yake, na masomo ya sayansi na kilimo yakahamia huko.

Dharura ya kutafuta vitanda na madarasa ikawapeleka wanasayansi katikati ya mashamba ya mahindi na ngano. Walilolikuta nje ya lango la chuo ndilo lililowapa kazi kwa miaka iliyofuata.

Kitale ilitoa mbegu

Kazi ya Chepkoilel haieleweki bila kutaja jirani yake. Mjini Kitale, utafiti wa mahindi ulianza mwaka 1955 chini ya mtaalamu wa mbegu Michael Harrison. Kutokana na mahindi meupe yaliyokuwa yakilimwa na walowezi, kituo hicho kilitoa mbegu ya Kitale Synthetic II mwaka 1961. Harrison alikuwa amekwenda Amerika ya Kusini kutafuta mbegu nyingine, na mwaka 1959 akarudi na mahindi ya nyanda za juu za Ecuador. Mbegu hizo mbili zilipopandishwa, zilizaa mahindi chotara ya H611 yaliyotolewa mwaka 1964, nayo yalizidi Kitale Synthetic II kwa karibu asilimia 40 ya mavuno. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho, ndiyo iliyozisambaza hadi kwa mkulima mdogo. Baadaye zikaja H613, H614 na nyingine za jamii ya 600 ambazo hadi leo ukizitaja Moi's Bridge hakuna anayeuliza ni nini.

Majaribio ya Kitale ya miaka ya 1960 yalifundisha pia kwamba mbegu bora haitoshi. Mahindi ya kienyeji yaliyochelewa kupandwa na kupaliliwa vibaya, bila mbolea, yalitoa kama tani 2 kwa hekta. Chotara iliyopandwa mapema, ikapaliliwa vizuri na kutiwa mbolea, ilitoa kama tani 8. Wakulima walilishika somo hilo. Walipanda mapema, walinunua mbegu, walitia mbolea ya kupandia ya DAP, na mwaka uliofuata wakafanya hivyo tena katika shamba lilelile.

Baada ya miaka thelathini ya mahindi juu ya mahindi, ardhi ilianza kukataa.

Udongo uliochoka

Dalili zilionekana kwa macho. Mche wa mahindi wenye wiki chache tangu uote, badala ya kuwa wa kijani, unapata rangi ya zambarau kwenye kingo za majani. Ukiung'oa, mizizi yake ni mifupi na minene, imesimama karibu na uso wa ardhi. Wengi walisema ni baridi. Kumbe mmea unalia njaa ya fosforasi, hata pale mkulima alipotia mbolea yenye fosforasi.

Sababu imo katika asidi. Amonia iliyo katika DAP inapogeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa naitreti, huacha asidi nyuma yake. Mavuno nayo huondoka na kalisi na magnesi shambani, na mvua nyingi za huku huyeyusha kilichobaki. Udongo ukishakuwa na asidi kali, aluminiamu iliyomo ndani yake huachiliwa na kuchoma ncha za mizizi. Aluminiamu hiyo, pamoja na chuma, hukamata fosforasi na kuifunga isipatikane na mmea. Kwa hiyo mkulima anaweza kununua mfuko wa kilo 50, autie wote, na sehemu kubwa ya pesa yake ibaki imefungwa ardhini. Udongo wenye asidi umechukua takriban asilimia 13 ya ardhi ya Kenya, na sehemu yake kubwa ni nchi inayotegemewa kwa chakula.

Idara ya sayansi ya udongo ya Chepkoilel ilijipa kazi hiyo. Miongoni mwa waliokuwamo ni Profesa Caleb Othieno, aliyewahi kuongoza utafiti wa chai Kericho, na Profesa John Robert Okalebo. Okalebo ni mmoja wa waandishi wa mwongozo wa maabara wa kupima udongo na mimea uliotoka mwaka 1993 na kuchapishwa upya mwaka 2002. Mwongozo huo umetumiwa katika maabara nyingi za Afrika Mashariki, na wanafunzi wengi wa kilimo wamejifunza kupima fosforasi kwa kufuata kurasa zake.

Wataalamu hao walielewa kwamba kumwambia mkulima wa ekari mbili atie tani za chokaa kwa mkupuo mmoja ni kumkatisha tamaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakatengeneza kifurushi kidogo kilichoitwa PREP-PAC. Kifurushi kimoja kilitosha kipande cha mita tano kwa mita tano. Ndani yake mlikuwa na kilo 2 za unga wa mawe ya fosfeti kutoka Minjingu, karibu na Ziwa Manyara nchini Tanzania. Kulikuwa na gramu 200 za urea na mbegu za mikunde. Palikuwa pia na bakteria wanaosaidia mikunde kuvuta naitrojeni kutoka hewani, pamoja na gundi ya kuwabandikia kwenye mbegu, chokaa ya kuzifunika, na karatasi ya maelezo ya jinsi ya kupanda.

Kila kitu humo kilikuwa na sababu yake. Fosfeti ya Minjingu huyeyuka polepole, kwa hiyo inalisha misimu kadhaa, na kalisi yake hupunguza asidi kidogo kidogo. Mikunde iliyopandwa kati ya mahindi huongeza naitrojeni na kuwapa watoto maharagwe. Kipande cha mita tano kwa tano kilichaguliwa kwa sababu mashamba mengi ya Bungoma, Busia na Trans Nzoia yalikuwa na viraka, sehemu ambazo kila mwaka mahindi hutoka yamedumaa. Mkulima angeanza na kiraka kimoja, aone kwa macho yake, kisha aamue kama ataendelea.

Majaribio hayo yalifanyika katika mashamba ya wakulima wenyewe, na wakulima wakashiriki kupima na kulinganisha. Jambo hilo lina uzito katika historia ya Chepkoilel. Pale palipokuwa shule ya walowezi, sasa maswali ya utafiti yalitoka kwa mama mwenye ekari moja na nusu, na majibu yakarudi kwake.

Kusoma mizizi

Njia ya pili ilikuwa kutafuta mahindi yanayovumilia udongo huo. Profesa Samuel Gudu, mtaalamu wa jenetiki ya mimea, na wenzake wa Chepkoilel walishirikiana na watafiti wa mahindi wa Kitale, pamoja na wanasayansi wa Brazil na wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Brazil ilikuwa mwenza wa kufaa, kwa kuwa nchi hiyo imelima maeneo makubwa yenye udongo wa asidi na imepambana na aluminiamu kwa miaka mingi.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mbegu huoteshwa, kisha miche huwekwa katika maji yenye virutubisho na kipimo maalumu cha aluminiamu. Mtafiti hupima urefu wa mzizi kabla na baada. Mche dhaifu mzizi wake husimama kukua. Mche mvumilivu huendelea kurefuka. Mizizi ikitiwa rangi ya hematoksilini, sehemu iliyojaa aluminiamu hugeuka zambarau, na hapo mtafiti anaona kwa macho ni mmea upi ulioizuia sumu isiingie. Yote yanaandikwa, mche kwa mche, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Mbegu za kienyeji zilizotunzwa na akina mama katika vijiji vya magharibi mwa Kenya zilichunguzwa kwa njia hii, na baadhi zilionekana kuwa na uvumilivu ambao hakuna aliyewahi kuupima. Urithi uliokuwa umening'inizwa juu ya moshi wa jikoni ukawa nyenzo ya sayansi.

Ngano iliyoshinda kutu

Mwaka 1998 nchini Uganda ilionekana aina mpya ya kutu ya shina inayoshambulia ngano, ikapewa jina la Ug99 mwaka uliofuata. Ugonjwa huu huanza na vipele vyekundu vya kahawia kwenye shina. Ukipitisha kidole juu yake, kinarudi na vumbi la rangi ya kutu, na kila chembe ya vumbi hilo inaweza kupeperushwa na upepo kwenda shamba jingine au nchi nyingine. Kinga ambayo wataalamu wa ngano duniani kote walikuwa wakiitegemea ilishindwa. Ugonjwa ulienea Kenya, Ethiopia, Sudan na Yemen, na mwaka 2007 ukathibitishwa Iran. Shamba lililoonekana zuri wiki chache kabla ya mavuno lingeweza kulala chini lote, punje zikiwa zimesinyaa.

Kwa Uasin Gishu, kaunti ya ngano, hilo lilikuwa tishio la moja kwa moja. Profesa Miriam Kinyua alikuwa amefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Njoro, ambako timu yake ilitoa ngano ya Njoro-BW1 mwaka 2001, mbegu inayostahimili ukame iliyopatikana kwa njia ya mionzi. Alipokuja kufundisha Chepkoilel, alikuja na ujuzi huo. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilianzisha mradi wa kupambana na Ug99 kwa kuunganisha nchi nyingi. Mbegu za ngano ya Kenya zikapelekwa katika maabara yake ya Seibersdorf, Austria, zikapigwa mionzi ili kuzusha mabadiliko mapya katika chembe zake za urithi. Zilirudishwa nyumbani na vizazi vyake kupandwa mahali ambapo ugonjwa ni mkali kabisa, ili kutu yenyewe ichague. Mimea mingi ilikufa. Iliyosimama ilikusanywa, ikapandwa tena, ikachaguliwa tena, msimu baada ya msimu, hadi ikafaulu majaribio ya kitaifa.

Mwaka 2014 mbegu hiyo ilitolewa kwa wakulima kwa jina la Eldo Ngano 1. Jina hilo limebeba mji na limebeba chuo. Kwa taifa linaloagiza ngano nyingi kutoka nje kila mwaka, mbegu kama hiyo ni akiba ya fedha za kigeni. Kwa mkulima, ni msimu mmoja bila kununua dawa ya ziada ya kuvu. Kwa majirani zetu wa Afrika Mashariki, ni ushahidi kwamba janga lililoonekana kwanza katika ukanda wetu linaweza kupatiwa jibu hapahapa.

Mabwawa na walimu

Utafiti wa Chepkoilel haukuishia kwenye nafaka. Idara yake ya uvuvi ilifuga na kuzalisha vifaranga vya samaki, hasa kambare, na kuchunguza namna ya kuviuza kama chambo kwa wavuvi wa mbuta wa Ziwa Viktoria, ili wasivue samaki wachanga wa ziwani kwa kazi hiyo. Serikali ilipotangaza mpango wa kufufua uchumi mwaka 2009 na kuamua kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140 ya mwanzo, mahitaji ya vifaranga, chakula cha samaki na watu wanaojua kufuga yalipanda ghafla. Nchi ikaona faida ya kuwa na vyuo vilivyokuwa vimeanza kazi hiyo kabla haijatajwa kwenye bajeti.

Na kuna zao lisilopimwa kwa gunia. Walimu wa sayansi waliopita Chepkoilel wako katika shule za sekondari kutoka Kitale hadi Bungoma. Waliosomea kilimo wako katika ofisi za kaunti, maduka ya pembejeo, kampuni za mbegu na vituo vya utafiti. Afisa wa kilimo nyanjani anayemweleza mkulima kwa nini mahindi yake yana rangi ya zambarau, mara nyingi alilijua jambo hilo kwenye maabara ya chuo cha umma.

Mwaka 2013 na deni lililobaki

Mwaka 2010 Chepkoilel ilipandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha Moi, na mwaka 2013 Rais Mwai Kibaki akakipa hati ya kujitegemea kwa jina la Chuo Kikuu cha Eldoret. Mwaka huohuo serikali za kaunti zilianza kazi, na huduma za ugani wa kilimo zikawa mikononi mwao kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Mwaka huohuo tena, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ilianzisha Hazina ya Taifa ya Utafiti na kuweka lengo la kuitengea asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka.

Mambo matatu yalizaliwa pamoja: chuo chenye watafiti, kaunti zenye maafisa wa nyanjani, na sheria ya kulipia utafiti. Yangelelewa pamoja, mkulima angenufaika zaidi. Lakini lengo la asilimia 2 halijafikiwa. Kazi nyingi tulizozisimulia zilisaidiwa na wafadhili wa nje: Wakfu wa Rockefeller, Wakfu wa McKnight, Shirika la Nishati ya Atomiki. Tunawashukuru kwa dhati. Hata hivyo mfadhili ana ratiba yake. Mradi ukifika mwisho wa miaka yake, gari la utafiti husimama, kiraka cha majaribio hurudi kuwa shamba la kawaida, na kifurushi kilichofanya kazi hakipatikani tena dukani.

Hasara hiyo ni ya taifa zima. Serikali ilipunguza bei ya mfuko wa mbolea kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023. Wakulima walishangilia, na walikuwa na haki. Ila mfuko wa bei nafuu ukitiwa katika udongo wenye asidi kali, fosforasi yake itafungwa vilevile, na kodi ya mwananchi itafungwa nayo. Wanasayansi wa Chepkoilel wamelisema hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Fedha kidogo za kupima udongo na kusambaza chokaa zingezidisha faida ya mabilioni yanayotumika kwenye ruzuku.

Leo Chepkoilel haiko peke yake. Kakamega ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro tangu 2007, na Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii chenye hati yake tangu 2015. Mkulima wa Moi's Bridge amezungukwa na vyuo vikuu vya umma kwa namna ambayo babu yake, aliyekuwa kibarua wa mlowezi, hangeweza kuiota. Vyuo hivyo vinaendeshwa kwa kodi yake, naye ana haki ya kuvidai majibu.

Kwa hiyo magavana wa Uasin Gishu, Trans Nzoia, Bungoma na Kakamega watenge fungu la kudumu la utafiti wa udongo na mbegu, na kufanya mkataba na vyuo vilivyo katika kaunti zao. Bunge nalo litimize sheria lililoipitisha lenyewe mwaka 2013. Wahadhiri waandike matokeo yao pia kwa Kiswahili, lugha ambayo mkulima anaisoma bila mkalimani. Na wewe mkulima unayesoma haya, kabla ya kununua mfuko wa msimu ujao, chukua udongo wa shamba lako ukaupime. Maabara zipo, na zilijengwa kwa ajili yako.